Usemi wa mifano na majina yake

Kila mwaka katika mtihani wa lugha swali moja linarudi: «Onyesha metafora katika maneno haya, kisha uieleze.» Mwanafunzi wa seminari ndogo anajibu vizuri, maana amejifunza kwa moyo. Anajua kwamba metafora ni kufananisha pasipo neno «kama», anaandika majina ya Kifransa bila kosa, anapata pointi zake. Lakini mwulizeni mwanafunzi yuleyule: bibi yako akisema juu ya jirani, «Ule muzee njo nguzo ya iyi kijiji», amefanya nini na lugha? Ananyamaza, au anacheka. Kwake yeye metafora inakaa ndani ya vitabu vya Wafransa. Bibi yake anasema maneno tu.

Ndiyo sababu tumeona vema kueleza majina machache ya usemi wa mifano, kwa mifano ya hapa kwetu Bukavu na ya milima inayotuzunguka. Wengi wenu mtakuwa watu wa kusikiliza: mapadri, waalimu, waganga, waamuzi. Watu watawaletea mambo yao mazito, wala hawatayaleta wazi kila mara. Asiyejua namna za usemi atasikia maneno yote na kukosa habari yenyewe.

Kwanza tutenganishe usemi wa wazi na usemi wa mfano. Katika usemi wa wazi kila neno linakaa kwao. Tukisema, «Mvua imenyesha Kadutu tangu asubuhi», mvua ni mvua na Kadutu ni Kadutu. Katika usemi wa mfano neno linaondoka kwao na kwenda kufanya kazi katika nyumba ya wengine. Tukisema, «Mkutanoni tulinyeshewa mvua ya maneno», hakuna anayetafuta mwavuli. Neno mvua limeazimwa. Na kila kitu cha kuazima kina mwenyewe, kina aliyekiazima, kina na sababu. Basi mbele ya usemi wowote wa mfano ulizeni hivi: wanasema juu ya kitu gani? Wameazima kitu gani? Ni nini kimevuka toka kile mpaka hiki, na ni nini kimebaki ng'ambo? Katika mfano wetu, wingi wa mvua umevuka, na kukosa mahali pa kujificha pia. Maji yamebaki, na baraka ya mashamba imebaki. Swali hili la mwisho, la kilichobaki, wanafunzi hulisahau sana, na sisi tunaona ndilo lenye faida kuliko yote.

Usemi ulio mwepesi kutambua ni kufananisha, ambao waalimu wa Tanzania na Kenya huuita tashibiha. Una alama yake: kama, mfano wa, mithili ya, sawasawa na. Tuseme: «Watoto walijaa mlangoni kama sambaza ndani ya wavu.» Kila mtu wa Bukavu anawaona mara moja wale samaki wadogo wanaong'aa, wanaobanana na kurukaruka. Lakini angalieni jambo moja. Sambaza hawakuwa katika ziwa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka wa 1959. Basi wazee wetu waliokufa mbele ya mwaka ule wasingeweza kutumia mfano huo juu ya ziwa lao. Mifano ina siku yake ya kuzaliwa, nayo ina mahali pake pia.

Hapo tunakuta shida ambayo katekista anaijua vizuri. Nabii Isaya, akitaka kuonyesha dhambi iliyosafishwa, alitaja theluji, na baada yake sufu ya kondoo. Wasikilizaji wake walielewa, maana theluji inafunika mlima Hermoni, na miaka mingine inaanguka Yerusalemu penyewe. Mkristu wa Kabare au wa Walungu afanye nini? Wahubiri wengine wanalisoma neno na kupita, watu wanabaki na jina tupu. Wengine wanabadilisha na kusema maziwa. Sisi tunapenda zaidi njia ya tatu: kuliacha neno mahali pake na kujenga daraja. Kule Goma, asubuhi ya baridi, mtu anaweza kuona kichwa cha Karisimbi, mlima wa mita 4.507, kimekuwa cheupe. Na jina lenyewe la mlima, kadiri wanavyoeleza, linatoka katika neno isimbi la Kinyarwanda, yaani simbi, kile kigamba cheupe. Wazee waliona weupe wasioweza kuugusa, wakaueleza kwa weupe walioweza kuushika mkononi. Ndiyo kazi yote ya kufananisha. Waliifanya pasipo kufundishwa na mtu wa Ulaya, tena kwa neno moja.

Tuje sasa kwenye metafora, ambayo wengine huiita istiara au sitiari. Neno hili la Kigreki maana yake ni kuhamisha, kuchukua kitu upande huu na kukipeleka upande ule. Aristotele, katika karne ya nne mbele ya Kristu, aliieleza namna hiyo: ni kukipa kitu jina lililo la kitu kingine. Wanafunzi wa Bukavu hawana sababu ya kuona neno hilo gumu. Kila siku mama wengi wanavuka daraja la Ruzizi na mizigo yao, kwenda Kamembe na kurudi. Kufananisha kunasimama darajani na kunyosha kidole: «Kile kule kinafanana na hiki huku.» Metafora haisimami. Inavusha mzigo wenyewe, na ukiupokea, umekwisha kuwa wako.

Juu ya mji wetu watu wamezoea kusema kwamba Bukavu ni mkono wa kijani uliochovywa ndani ya ziwa. Rasi tano zinazoingia majini ni vidole vyake. Ni nini kimevuka? Umbo, hesabu ya vidole, na ule upole wa mkono unaogusa maji. Msemo huo ulitungwa juu ya mji wenye miti mingi na nyumba chache. Leo miteremko imejaa nyumba hata juu, miti imekatwa, na mvua kubwa ikinyesha udongo unaporomoka pamoja na watu. Kwa hiyo anayesema leo «mkono wa kijani» anasifu na kuomboleza kwa pumzi moja, apende asipende. Metafora inabaki ileile huku kitu chenyewe kinageuka; msomaji mwangalifu atatazama vyote viwili.

Metafora ina hatari yake, maana mzigo unaweza kuvuka nusu. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu anamwita Herode mbweha. Kwa watu wa wakati ule mbweha alikuwa mnyama wa hila, tena mnyama mdogo wa kudharauliwa kando ya simba. Sasa tuseme mhubiri anataka kuleta neno karibu na watu, anawaza: katika hadithi zetu mwenye hila ni sungura, basi nitamwita Herode sungura. Ole wake! Sungura tunampenda. Watoto wanapiga makofi anapomshinda fisi. Hila imevuka, lakini dharau imebaki ng'ambo, na Herode, mwuaji wa Yoane Mbatizaji, amekuwa rafiki wa watoto wa kijiji. Ni heri kusema mbweha na kueleza mbweha ni mnyama gani.

Metafora nyingine zimezeeka hata hatuzioni tena: mguu wa meza, mdomo wa chupa, jicho la maji. Hatuna la kusema juu yake, ila kwamba zinaonyesha namna lugha nzima ilivyojengwa kwa kuazima.

Ndugu wa metafora ni kukipa kitu roho ya mtu, wanaita tashihisi. Katika kitabu cha Waamuzi, Yotamu anasimulia jinsi miti ilivyotafuta mfalme, mizeituni na mitini ikakataa, miiba ikakubali. Hapo hakuna anayekosea: miti inasema, lakini maneno ni juu ya watu na tamaa yao ya cheo. Nje ya vitabu tashihisi inaweza kutupoteza. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 10 Januari 1977, ulipolipuka tena tarehe 17 Januari 2002, na mara nyingine tarehe 22 Mei 2021, ilikuwa rahisi kusema, «Mulima imekasirika.» Usemi huo ni mzuri na wa kweli kwa namna yake, maana hofu ndiyo inayosema. Lakini anayesahau kwamba ni usemi ataanza kutafuta ni nani aliyeukasirisha mlima, naye atampata: mjane fulani, mgeni fulani, mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Tumesikia mashitaka ya namna hiyo mara nyingi juu ya radi. Kutofautisha usemi wa wazi na usemi wa mfano kunaweza kumwokoa mtu.

Kuna namna nyingine ya kubadilisha majina isiyotegemea kufanana. Inategemea ujirani. Waalimu wanaiita metonimia. Tukisema, «Kinshasa imekataa», hatumaanishi nyumba na barabara za Kinshasa, ila wakubwa wanaokaa mule. Tukisema, «Amekunywa kibuyu kizima», hakuna anayekunywa kibuyu. Amekunywa kasiksi iliyokuwamo. Vivyo hivyo kikombe ambacho wana wa Zebedeo waliulizwa kama wanaweza kukinywea: kikombe si chombo, ni mateso yaliyo ndani yake. Na pale sehemu inaposimama kwa kitu chote, wengine wanaipa jina la pekee, sinekdoke. «Mkate wetu wa kila siku» ni mfano wake: kipande kimoja cha chakula kimesimama kwa chakula chote, na nyuma ya chakula, nguvu na kazi na mshahara. Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa na bugali. Mtu aliyekula viazi vitatu na ndizi mbili, ukimwuliza kama amekula, atakujibu hapana, maana bugali haikuwapo. Mwanafunzi aliyeelewa jibu hilo ameelewa sinekdoke.

Juu ya jambo hili tuna mwalimu mkubwa karibu na mlango wetu, Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981). Mwaka wa 1951 alitoa kitabu chake juu ya mashairi ya wafalme wa Rwanda, mashairi aliyoyakusanya toka vinywani mwa waliyoyashika kwa moyo. Alionyesha kwamba washairi wale hawakulitaja jambo wazi. Walilifunika kwa shela, na shela zenyewe zilikuwa za namna tatu. Ya kwanza inatumia neno lingine lenye maana ileile. Ya pili inacheza na maneno yanayofanana sauti. Ya tatu inataja kitu kilicho jirani. Tujaribu kwa Kiswahili, kwa mfano wetu wenyewe. Mshairi anataka kumtaja mtu aitwaye Kaa. Kwa shela ya pili atasema «yule anayewaka chini ya chungu», maana kaa ni la moto. Au «yule anayetembea kando kando pwani», maana kaa ni mnyama pia. Msikilizaji asiye na akili ya lugha atatafuta chungu na pwani. Mwenye akili atacheka kidogo na kuinamisha kichwa. Na kwa shela ya tatu, nani katika nchi ile hakujua kwamba ngoma ni ufalme? Neno moja, ingoma, lilibeba yote mawili, na ngoma kubwa Kalinga ilikuwa alama ya enzi yenyewe. Padri Kagame hakuona kazi hiyo kuwa kinyume cha upadri wake, wala sisi hatuioni hivyo.

Tukiacha Rwanda na kupanda upande wa magharibi, katika msitu wa Walikale, tunakuta Wanyanga na hadithi yao ndefu ya shujaa Mwindo. Mwaka wa 1956 mwimbaji Rureke aliisimulia na kuiimba kwa muda wa siku 12, na Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakaiandika. Ilitolewa kitabuni mwaka wa 1969, pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe. Tunawashauri waifikirie mara wanapofundishwa mubalagha, yaani kukuza mambo kupita kiasi. Jina la sifa la Mwindo ni Kabutwakenda, maana yake mdogo aliyezaliwa mara hiyo na kwenda zake kwa miguu. Anazaliwa akiwa anasema. Babaye Shemwindo anataka kumwua, naye hafi. Anashuka kuzimu, anarudi. Anafufua watu kwa usinga wake.

Vitabu vingine vya masomo vinasema mubalagha ni pambo, au ni uongo wa washairi. Sisi hatukubali. Tazameni mwisho wa hadithi hiyo. Mwindo, aliyejisifu kwa kila adui, anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Radi anamchukua juu mbinguni, na kule shujaa anateswa kwa baridi, kwa mvua na kwa jua, wala majivuno yake hayamsaidii kitu. Anarudi duniani mtu mwingine, akiwa na amri za kuwapa watu wake. Mubalagha ya mwanzo ilikuwa ngazi: mwimbaji alimpandisha shujaa juu sana ili sote tuone umbali wa kuanguka kwake. Ukiitoa mubalagha kwa sababu ya kutafuta ukweli mtupu, umeutoa na ukweli.

Kinaya ni kusema kinyume cha unachofikiri, huku ukitumaini kwamba msikilizaji atageuza maneno mwenyewe. Mtoto amevunja sahani, mama anasema, «Asante sana, fundi!» Wakongo wote wanajua kinaya kimoja kikubwa: artikli ya 15. Mshahara haukulipwa, barabara imekufa, mgonjwa hana dawa, ufanye nini? «Artikli ya 15», yaani jitafutie mwenyewe. Uchungu wa usemi huo uko katika neno artikli. Ni neno la sheria, nalo linatajwa mahali hasa ambapo sheria imetoroka. Mgeni anayekwenda kutafuta artikli hiyo katika katiba ya nchi ataona jambo lingine kabisa, na hatajua kwa nini watu wanacheka.

Tumefika kwenye usemi ambao tungependa mkae nao zaidi. Waalimu wanauita tafsida: kufunika jambo gumu au la aibu kwa neno laini. Hatusemi mzee amekufa, tunasema ametuacha, amelala, Mungu amemwita. Hatusemi mwanamke ana mimba mbele ya wakwe, tunasema ni mzito. Adabu nyingi za milima yetu zinakaa ndani ya tafsida, na mtoto asiyeijua anaitwa mtoto asiye na malezi.

Lakini kuna tafsida mbili, na majina ya mtihani hayazitenganishi. Moja inafunika kidonda. Nyingine inafunika mkono wa mwizi. Katika ofisi karani anamwambia mjane kwamba karatasi yake itatoka upesi kama kuna «madesu ya bana», maneno ya Kilingala, maana yake maharagi ya watoto. Lo, maneno mazuri! Nani atawanyima watoto maharagi? Toeni shela: ni rushwa, na watoto wa mjane ndio watakaolala njaa. Usemi huo haumhurumii mtu yeyote, isipokuwa yule anayepokea. Mwanafunzi akiulizwa atoe mfano wa tafsida, tungefurahi atoe huu, na aandike kando yake jina la wazi.

Ile nyingine ni kinyume chake. Tangu vita vilipoingia Kivu mwaka wa 1996, mama na wasichana wengi wameteswa vibaya na watu wenye silaha. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, iliyofunguliwa mwaka wa 1999, imejulikana ulimwenguni kwa kuwatunza, na mwaka wa 2018 daktari wake Denis Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Sasa mama mmoja anakuja kwa padri, au kwa mwalimu wa mtoto wake. Anasema, «Baliniharibia.» Au anasema tu, «Siku ile nilikutana na watu njiani», na kunyamaza. Aliyejifunza kwamba kila neno linakaa kwao atauliza: waliharibu nini, shamba au nyumba? Watu gani? Ulikutana nao saa ngapi? Anamlazimisha avue nguo mara ya pili. Aliyejua tafsida ni nini amekwisha kusikia. Hatavuta shela. Atakaa kimya naye kwanza, na kama kuna lazima ya daktari au ya mwamuzi, atamsaidia kufika pale ambapo jina la wazi linaweza kusemwa bila kuumiza. Tafsida moja tuivue sokoni mchana kweupe. Nyingine tuiache kwa mwenyewe mpaka aivue kwa mkono wake.

Yanabaki maneno yaliyo marefu kuliko neno moja: mithali, fumbo, mfano wa hadithi. Mithali ni hukumu fupi iliyokwisha kukubaliwa na watu wengi. Anayeitaja haitaji kwa jina lake, anasema kwa mdomo wa wazee, na kwa hiyo ni vigumu kumjibu. Kwa Walega, upande wa Mwenga, Shabunda na Pangi, mithali zinaweza hata kutundikwa. Wana kamba iitwayo mutanga, ambayo wamefunga juu yake vitu vidogo vingi: ukucha, unyoya, ganda, kipande cha mti. Kila kitu kina mithali yake. Mwenye kamba anashika kitu, na wanaojua wanaitikia maneno. Hapo neno limekuwa kitu, na kitu kimekuwa neno. Ndiyo tunayoita ishara. Kitu chenyewe hakifanani na maana yake kwa lazima. Ni lazima ufundishwe, la sivyo unaona takataka zilizofungwa kwa kamba, kama walivyoona wageni wengi.

Mfano wa hadithi unafanya kazi kwa njia nyingine: unamwingiza msikilizaji ndani kabla hajajua ni habari yake. Mfalme Daudi amemtwaa mke wa Uria na kumwulisha mumewe vitani. Nabii Natani haji na neno uzinzi wala neno uuaji. Anakuja na habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo na maskini mwenye kondoo mmoja tu, aliyelala kifuani pake kama binti. Daudi anasikia usemi wa wazi. Anakasirika, anahukumu. Ndipo Natani anamwambia kwamba mtu yule ni yeye. Angalieni kosa la Daudi, lililokuwa pia wokovu wake: hakutambua mfano. Kama angeutambua mapema, angejilinda kama wakubwa wote wanavyojilinda.

Kwa sababu hii Kanisa halikuyaacha mambo haya kwa waalimu wa lugha peke yao. Mtakatifu Augustino alikuwa mwalimu wa usemi mbele ya kubatizwa, na katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristu aliwaonya wasomaji wasishike usemi wa mfano kana kwamba ni usemi wa wazi. Aliona kufanya hivyo ni utumwa wa roho. Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake ya mwaka wa 1943 juu ya Maandiko, aliwataka wafafanuzi watafute namna za kusema walizozitumia watu wa zamani wa mashariki, na Mtaguso wa pili wa Vatikano ukarudia neno hilo mwaka wa 1965. Anayesoma wimbo kama sheria, au mfano kama habari ya gazeti, hamheshimu mwandishi, hata akisoma kwa machozi.

Sasa kazi ya vakansi. Kila mmoja achukue kaye moja na kwenda nayo nyumbani. Asikie wazee wanaosema, kwenye kazi, kwenye kilio, kwenye maneno ya mahari. Aandike usemi kama ulivyosemwa, katika Mashi, Kilega, Kihavu, Kifuliru au Kiswahili cha Bukavu, bila kuusahihisha. Chini yake aandike nani aliusema kwa nani, na kwa sababu gani. Asiandike jina la usemi siku ileile. Jina lingoje. Na kama mtu amesema neno la kufunika kidonda chake, kaye ifungwe, neno lile lisiandikwe.